Ufunguo wa Tovuti Yako Anao Nani?

Leo hatukuja na mapishi, wala mafuta ya nywele, wala mishono ya sikukuu. Leo tumekuja kugomba, na tunaomba mtuvumilie.

Tunagomba na sentensi moja. Tumeisikia mara nyingi mno hapa Arusha tangu tuhamie kutoka visiwani, baadhi yetu kwa ndoa, baadhi kwa kazi, na baadhi kwa biashara hii ya kuunganisha mbuga za huku na fukwe za kwetu. Sentensi yenyewe ni hii: "Mambo ya tovuti mwachie fundi." Anaisema mume, anaisema kaka, anaisema mkufunzi wa semina aliyevaa tai. Na linalotuuma zaidi, tunaisema sisi kwa sisi, tena huku tunacheka, kama kwamba kutojua ni sehemu ya heshima ya mwanamke.

Fundi tunamtaka. Aitwe, alipwe, ashukuriwe. Lakini mwanamke mwenye biashara asiyejua tovuti yake imesajiliwa kwa jina la nani, imewekwa wapi na nywila zake anazo nani, huyo bado hana tovuti. Amebandika tangazo kwenye ukuta wa mtu, na siku mwenye ukuta akitaka kupaka rangi, hataulizwa.

Kwa nini tunaisema Arusha? Kwa sababu mji huu unaishi kwa watu ambao bado hawajafika. Simama karibu na Mnara wa Saa asubuhi utazame magari ya safari yanavyopita. Yule mgeni anayepelekwa Ngorongoro, au lango la Momella kuanza kuupanda Mlima Meru, hakuchagua jana. Alichagua miezi mingi nyuma, amekaa sebuleni kwake Ujerumani au Marekani, na alichokiona hakikuwa ofisi yako wala uso wako. Aliona kurasa. Mwaka 2023 waliingia nchini watalii wapatao milioni 1.8, na mwaka 2024 wakapita milioni 2.1. Filamu ya Royal Tour ilizinduliwa hapa hapa Arusha mwaka 2022, na uwanja wa mpira wa Olmoti unajengwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Watu watakuja. Hawatauliza njia kwa wauza ndizi wa Kilombero. Wataiuliza simu, na simu itawapa jina la yule aliyejiandika.

Sasa tuseme wazi tovuti ni nini, maana hapo ndipo tunapotishwa. Tovuti ina vitu vitatu, na kila mmoja wetu aliyewahi kupanga fremu ya duka anavijua tayari. Cha kwanza ni jina, kile kibao cha juu ya mlango. Cha pili ni seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana mahali fulani na kukaa na kurasa zako; hiyo ndiyo fremu yenyewe, unailipia kodi. Cha tatu ni kurasa, maneno na picha, ndiyo bidhaa ulizozipanga ndani. Jina, fremu, bidhaa. Kila kimoja kina akaunti yake na nywila yake, na mara nyingi unalipia kwa watu tofauti. Mwanamke anayejua kutofautisha kodi ya fremu, leseni ya biashara na deni la muuza jumla hashindwi na hesabu hii.

Jina ndilo lenye mambo, kwa hivyo tukae hapo kidogo. Herufi za nchi yetu, .tz, zipo kwenye intaneti tangu mwaka 1995, na leo msimamizi wake ni TCRA. Wewe huendi TCRA. Unanunua kwa wasajili walioidhinishwa. Biashara huchukua .co.tz, taasisi zisizo za faida .or.tz, na wenye nyumba za kulala wageni wametengewa hata .hotel.tz. Ada yake ya mwaka ni makumi ya maelfu ya shilingi, si mamia. Ukilipa, jina ni lako kwa mwaka huo. Usipolipa tena, jina linaachiwa, na mtu yeyote duniani anaweza kulichukua. Hakuna mahakama ya haraka ya kukurudishia.

Na linasajiliwaje jina la mwanamke wengi hapa mjini? Fundi anafungua kompyuta yake, anaandika barua pepe yake, namba yake ya simu, na pahala pa kuandika mmiliki anaandika jina lake, kwa sababu ndilo lililo karibu na vidole. Wengi wao si wezi. Wanafanya hivyo kwa wepesi, na mteja hakuuliza. Lakini onyo la kwamba jina linakaribia kumalizika linakwenda kwenye barua pepe ya fundi. Fundi amepata kazi Dar es Salaam, au Doha, laini ya Arusha ameitupa. Tunamjua mwenye nyumba ya wageni upande wa Njiro aliyegundua jambo hili siku mgeni alipompigia na kumwambia kwa adabu kwamba tovuti yake inaonesha michezo ya kamari. Kamari! Jina lile lile lililoandikwa kwenye kadi zake, kwenye gari lake, kwenye kibao cha barabarani. Aliyelinunua alikuwa nchi nyengine kabisa, na alitaka dola kulirudisha. Mama wa watu alianza upya na jina jipya, na wageni waliomzoea wakaendelea kubofya kamari.

Wapo waliopoteza bila fundi kuhusika. Biashara ya mke, jasho la mke, lakini tovuti ilisajiliwa na shemeji kwa sababu "yeye ndiye anayejua kompyuta". Ndoa ilipovunjika, mke alitoka na nguo zake, watoto, na wateja aliowakumbuka kwa kichwa. Tovuti na barua pepe yenye miaka sita ya maongezi na mawakala vilibaki upande wa pili.

Hili linatutia hasira kwa sababu sisi si watu wa kuambiwa mwanamke hana mali yake. Kwetu mali ya mke ni ya mke; mahari ni yake, dhahabu ni yake, na Mji Mkongwe palikuwa na wanawake wenye nyumba kwa majina yao, wengine wakaziweka wakfu, tangu karne ya kumi na tisa. Uingereza mwanamke aliyeolewa alisubiri sheria ya mwaka 1882 ndipo akaruhusiwa kushika mali yake mwenyewe. Sasa wajukuu wa wanawake hao wa Mji Mkongwe wanaficha bangili kwenye sanduku lenye kufuli mbili, halafu jina la biashara, ambalo lina thamani kuliko bangili zote, wanamwachia kijana wasiyemjua hata jina la baba yake.

Tumeshasikia jibu: "Mimi nina Instagram, inatosha." Tusidanganyane, kwa baadhi inatosha. Kama unapika sambusa na mteja wako ni wa Kaloleni na Sakina, usipoteze pesa yako kwenye tovuti. Namba ya WhatsApp, picha nzuri, lipa namba iliyobandikwa ukutani, umemaliza. Mshonaji ambaye wateja wake wote wanamjua kwa uso hana haja nayo pia. Anayemuuzia huyo tovuti anamuibia, na wapo wanaofanya hivyo.

Lakini kama mteja wako anakuchagua kabla ya kukuona, Instagram ni fremu ya mtu mwengine, tena fremu ambayo mwenyewe hakudai kodi kwa sababu anachouza ni wewe. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Saa sita si nyingi, lakini siku ile kila mwenye duka lake ndani ya majumba hayo matatu alijua majumba yote ni ya bwana mmoja. Na kuzimika kwa wote ni nafuu kuliko kufungiwa wewe peke yako. Akaunti ikidukuliwa unalia kwa nani? Unajaza fomu, unapeleka picha ya kitambulisho, unasubiri jibu la mashine.

Oktoba 2025, kuanzia siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Hapo hata mwenye tovuti hakuweza kuifungua kutoka Arusha. Lakini kama kurasa zake zilikuwa kwenye seva ya nje ya nchi, mtu wa Berlin aliendelea kuzisoma: bei zipo, maelezo yapo, fomu ya kuandika ipo, na maneno yake yalimsubiri mwenye biashara mpaka mawasiliano yaliporudi. Aliyekuwa na WhatsApp tu alionekana kama mtu asiyejibu. Kwa mgeni anayefikiria kutuma maelfu ya dola, kutojibu ni jibu.

Tuje kwenye pesa, maana ndiyo inayosikika. Nyumba nyingi za wageni hapa zinapata watu kupitia Booking.com, kampuni ya Amsterdam, na kamisheni yake kwa wastani ni asilimia 15. Hatuitukani. Inaleta wageni, na anayeanza asiikimbie. Lakini piga hesabu: chumba cha dola 60, usiku tatu, ni dola 180, na dola 27 zimekwenda. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni shilingi 67,500 kwa mgeni mmoja. Kamisheni ya mgeni mmoja ingelipia jina lako mwaka mzima, na chenji ikabaki. Na wageni wengi wana tabia ya kuona jina lako kule, kisha wakalitafuta peke yake kuona kama una mlango wako mwenyewe. Ukiwa nao, baadhi wanapita humo. Ukiwa huna, wanarudi kulipa kule, na wewe unaendelea kutoa asilimia 15 hata kwa mgeni anayerudi mara ya tatu na anayekuita dada.

Sasa panda kidogo mlimani, ambako jambo hili linauma kwa namna nyengine. Tangu katikati ya miaka ya 1990, shirika la SNV la Uholanzi na Bodi ya Utalii Tanzania walisaidia vijiji kuanzisha utalii wa utamaduni, na miteremko ya Meru ilikuwa miongoni mwa pahala pa mwanzo. Ng'iresi, Ilkiding'a, na Mulala juu ya Usa River, ambako akina mama wamejulikana kwa kutengeneza jibini na kukaribisha wageni. Kazi ya siku ile ya mgeni, kwa sehemu kubwa, inafanywa na wanawake. Wao wanapika, wao wanakama, wao wanaonesha kahawa inavyokaangwa na kutwangwa, wao wanatunga shanga. Lakini mgeni mara nyingi anafika kupitia ofisi ya mjini, na ukurasa uliomleta umeandikwa mjini, au Ulaya.

Someni kurasa hizo, mashoga. Tumezisoma. Unakuta picha ya bibi wa Kimeru na chini yake pameandikwa kuwa ni Mmaasai. Wameru wana lugha yao ya Kibantu, inakaribiana na Kichaga. Ni wakulima wa migomba na kahawa tangu zamani. Waarusha wanazungumza Kimaa, ndiyo, lakini nao ni wakulima wa mlima huu na wana historia yao. Kwa mwandishi wa ukurasa wote ni Wamaasai, kwa sababu neno hilo linauza. Unakuta watoto wa watu wamepigwa picha uso kwa uso na kuwekwa pale, na ukimuuliza mama yao hajui kama picha ipo. Bei ya ziara imeandikwa kwa dola. Sehemu inayobaki kijijini haikuandikwa.

Huo ndio uzito wa kutojua. Asiyejua kuandika ukurasa wake anaandikwa na wengine. Kikundi cha wanawake wa kijijini kikiwa na kurasa tano tu, zilizoandikwa na mabinti zao waliomaliza skuli, zenye majina sahihi ya kabila, chakula na mlima, na bei yenye mgawanyo ulio wazi, tayari kinaweza kusimama mbele ya wakala wa mjini na kujadiliana naye. Wakala bado atakuja, na mgeni wake apokewe vizuri. Ila hatakuwa tena yeye peke yake mwenye kusema wao ni nani.

Hapa ndipo tunapowageukia wenye semina. Jamani, semina! Siku tatu hotelini, bango kubwa nyuma ya meza kuu, fulana, chai ya saa nne, vyeti siku ya mwisho na picha ya pamoja. "Wanawake na uchumi wa kidijitali." Mkufunzi anasoma slaidi za Kiingereza na kuzitafsiri nusu nusu. Mama wa Tengeru anaandika kwenye daftari maneno asiyoyaelewa ili asionekane mshamba. Siku tatu zinakwisha, hakuna mwanamke hata mmoja aliyesajili jina, hata mmoja aliyeandika ukurasa na kuuona kwenye simu ya jirani yake, hata mmoja aliyebadilisha nywila. Mfadhili anapokea ripoti kwamba wanawake arobaini wamewezeshwa. Wamewezeshwa kula wali kuku.

Na wasituambie Kiswahili hakina maneno. Tovuti, kivinjari, nywila, seva, kiungo, kikoa kwa maana ya jina la tovuti. Yapo na yanatumika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, ikiwa na menyu na vitufe vyote kwa lugha yetu. Zaidi ya miaka ishirini baadaye mtu anatuambia neno la nywila ni gumu kulifundisha Moshono? Arusha ina Chuo cha Uhasibu pale Njiro kinachofundisha kompyuta, ina Chuo cha Ufundi, ina Taasisi ya Nelson Mandela Tengeru inayosomesha mpaka uzamivu wa sayansi. Tunachowaomba ni kidogo kuliko uzamivu. Darasa la Jumamosi, kwa Kiswahili, lisilouliza cheti cha kidato cha nne, ambalo kila mwanamke anaingia na simu yake na haruhusiwi kupewa cheti mpaka aoneshe ukurasa uliosimama na akaunti tatu zilizo kwa jina lake.

Ni nini hasa cha kujifunza? Kidogo kuliko mnavyotishwa. Programu ya WordPress, ambayo zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani zinaitumia, ilitoka mwaka 2003 na inatolewa bure. Mtu akikutoza "leseni ya WordPress", amekutoza hewa. Kazi yake ya kuipanga, kuiremba na kuandika ilipwe, ni jasho. Lakini programu yenyewe haina bei. Hali kadhalika ile kufuli ndogo inayoonekana karibu na anwani, inayosema kwamba mawasiliano yamefungwa vizuri. Tangu ulipokuja mradi wa Let's Encrypt, miaka ya 2015 na 2016, cheti cha kawaida cha kufuli hiyo kinapatikana bure, na seva nyingi zinakiweka zenyewe. Bado tunaona ankara hapa mjini zenye mstari wa "usalama wa tovuti kwa mwaka" na laki kadhaa mbele yake. Uliza ni usalama gani. Kama ni hiyo kufuli tu, rudisha ankara.

Jifunze kupunguza picha. Hili dogo linaua tovuti nyingi kuliko wadukuzi. Picha moja ya simu ya kisasa inaweza kuwa na megabaiti nne au tano. Weka kumi kwenye ukurasa wa mwanzo, na mtu mwenye bando dogo au mtandao wa kusuasua huko nyuma ya mlima anatazama duara linazunguka mpaka anaondoka. Ipunguze mpaka kilobaiti mia mbili au chini, macho hayataona tofauti. Kisha ifungue tovuti yako kwa simu ya bei nafuu kuliko zote nyumbani, ile ya dada wa kazi, si kwa kompyuta ya fundi. Hapo utajua mteja anaona nini.

Jifunze kuweka nakala ya tovuti nzima kila mwezi pahala pengine, hata kwenye flashi inayokaa na vyeti vya watoto. Jifunze kubofya kitufe cha kusasisha, kwa sababu tovuti nyingi zinazovunjwa ni zile zilizoachwa na programu kuukuu. Mfanyakazi akiondoka, hata kwa wema, badilisha nywila siku ile ile. Washa ule uthibitisho wa hatua mbili unaoleta namba kwenye simu yako. Si sayansi ya roketi hii. Ni kufunga mlango kabla ya kulala.

Na barua pepe ya biashara iwe ya jina lako la tovuti, nayo uishike wewe. Katika biashara ya safari amana ni pesa nyingi, na wezi wanalijua. Mchezo wao ni wa zamani: wanaingia kwenye barua pepe ya kampuni, wanasoma kimya kimya, na siku mgeni anapotaka kulipa wanamwandikia kwamba namba ya benki imebadilika. Mgeni analipa, anashuka uwanja wa KIA na masanduku yake, na hakuna gari. Kosa la mwizi, aibu ya nani? Tena humo ndani ya barua pepe mna nakala za pasipoti za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na ipo Tume ya kusimamia hilo. Ukiulizwa, huwezi kujibu "anajua fundi".

"Sina muda," ndiyo wanayosema wengi wetu. Mwanamke anayeamka saa kumi za usiku, akapika, akapeleka watoto skuli, akafungua duka, akarudi kupika tena, hatumwiti mvivu. Mguu na mkono vyote vina kazi. Lakini saa mbili za Jumamosi kwa miezi miwili ni chini ya muda ambao yule mama wa Njiro aliutumia kumtafuta fundi aliyepotea. Na kama kweli huna muda hata huo, basi mpeleke binti yako, umlipe kama unavyomlipa mtu wa nje. Usimpeleke mtoto wa kiume kwa sababu tu ni wa kiume. Tumeona nyumba ambazo msichana ndiye aliyefaulu hesabu na mvulana ndiye aliyenunuliwa kompyuta.

Kuna na wale wanaosema umri umepita. Wanawake hao hao walijifunza M-Pesa kwa wiki moja ilipokuja, bila semina, bila fulana, kwa sababu pesa yao ilikuwa ndani. Hakuna aliyewaambia "namba ya siri mwachie fundi". Wangemcheka.

Kwa hivyo wiki hii, kabla ya kitu chengine chochote, mwenye tovuti ampigie fundi wake simu. Amsalimie vizuri, amuulize watoto, halafu amuulize mambo manne: jina limesajiliwa kwa nani na linaisha tarehe gani, seva inalipwa wapi na kwa akaunti ya nani, nywila ya msimamizi wa kurasa ni ipi, na nakala ya mwisho iko wapi. Majibu yaje kwa maandishi. Tarehe ya mwisho wa jina iandikwe kwenye kalenda ya jikoni. Fundi mwema atakupa yote siku ile ile, na huyo mlipe vizuri na umtangaze kwa wenzako, maana mji huu unao. Akisema nywila hawezi kukupa kwa sababu ya usalama wako, mwambie aliandike jambo hilo kwenye karatasi na atie sahihi. Mpaka leo hatujamuona aliyekubali.